Pini mbili kavu

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Nimerudi kutoka Matombo na tope hadi magotini. Tangu Bigwa pikipiki inakuwa nzito, kama kuna mtu kaishika mkia. Nimeitia stendi kubwa, nikazungusha tairi la nyuma kwa mkono: halifiki hata nusu mzunguko. Nimedondoshea diski maji, yakalia tss. Fundi wa njia panda kashauri, "Mzee, nunua tu kalipa nzima ya breki." Kwake yeye kila kitu hununuliwa kizima. Kesho naifungua mwenyewe.

Jumapili, 14 Aprili

Nimelegeza pini ya pedi kwanza, kalipa ikiwa bado imefungwa, maana ikishakuwa mkononi inacheza na pini haikazi wala hailegei. Kisha bolti mbili, ikatoka kwa kutikiswatikiswa. Sikuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Nimeifunga kwenye fremu kwa kanga niliyoiokota kambani.

Ndani udongo mwekundu umeokwa kama tofali. Pedi ya nje bado nene, ya ndani imebaki unene wa ukucha. Hapo nikajua: zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake ni kavu, moja ina kutu. Pistoni ilikuwa inasukuma upande wake tu, na ikishasukuma hairudi.

Mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu, sabuni. Petroli, ambayo gereji nyingi huimwaga bila kufikiri, sikuigusa. Huvimbisha mipira ya pistoni. Nimeingia ndani kubadili maji, nasikia uani, "Baba, kuna kitu kinatoka!" Mwanangu kapanda, kakanyaga breki. Pistoni imesimama ukingoni kabisa. Bado kanyago moja ningeiokota mchangani.

Nimeirudisha kwa vidole gumba, baada ya kupunguza mafuta ya breki kwenye kikopo chake kwa bomba la sindano. Tone moja lilidondokea rangi, nikalimwagia maji mbio. Yanakula rangi mafuta yale.

Jumatatu, 15 Aprili

Pedi mpya nimezipata mjini. Pini nimezisugua kwa msasa laini, nikazipaka grisi ya silikoni. Nimefunga, nimewasha, nimeteremka kuelekea getini, nakanyaga: mguu unazama, hakuna kitu! Nilisahau kuipampu breki. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa, mimi na kuku wa jirani. Kanyago sita, pedeli ikakaza.

Tairi sasa linazunguka vizuri. Mama watoto anaulizia kanga yake.