Joto la Pipa

Kazi ya mbege nilifundishwa na mama mkwe wangu huko Kibosho, upande wa kusini wa Kilimanjaro. Kuchemsha ndizi mbivu kutwa nzima hadi maji yawe mekundu, kuotesha ulezi na kuanika kimea, kutia gome la msesewe ili pombe ipate uchungu wake: hayo wanawake wengi wa rika langu wanayajua. Mama aliwazidi wengine baada ya moto kuzimwa. Usiku aliamka, akalaza kiganja ubavuni mwa pipa, akanyamaza, kisha akaamua lifunikwe au lifunuliwe. Mwezi wa Julai, ukungu unapogoma kuondoka mpaka saa sita, pipa lililala karibu na mafiga, limezungushiwa majani makavu ya mgomba. Pombe ya Julai ilichelewa, lakini sijaonja nyingine tamu kama ile.

Baadaye tulihamia Moshi mjini. Ni mwendo mfupi kwa gari, ila unateremka mamia ya mita, na Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30. Ndizi zilitoka shamba lile lile, msesewe ule ule, na bado pombe za mtaa wetu zilikuwa chungu kama siki kabla wateja hawajamaliza kibuyu cha kwanza. Wapo waliolaumu ndizi, wapo waliotaja jicho la mtu. Mimi niliamini mkono wa mama: tatizo ni joto.

Nilinunua kipimajoto cha maabara, kile cha kioo. Nilipokizamisha katikati ya pipa wakati povu limepanda, nilikuta pombe ina joto kuliko chumba chenyewe. Chachu inapokula sukari inatoa joto, na katika pipa la lita 200 joto la katikati halina pa kutokea. Likipita nyuzi 30 chachu inakimbia na kuacha harufu kali inayochoma puani, na vijidudu vya siki, vinavyopenda joto na hewa, vinapata nafasi.

Nikaacha pipa. Nilihamia ndoo za lita 20, nikaziweka ndani ya mabeseni ya maji kwenye sakafu ya saruji, nimezivisha magunia ambayo pindo lake limezama majini. Gunia linanyonya, upepo wa dirishani unalikausha, na katika kukauka linaondoka na joto la ndoo. Kiangazi njia hii inatosha. Masika haitoshi, maana hewa imejaa unyevu na gunia halikauki. Hapo nilinunua barafu kwa jirani, nikaitia kwenye beseni kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Shabaha yangu ilikuwa nyuzi 20 hadi 25. Mso, yaani uji wa kimea, sikuuchanganya kabla haujapoa kabisa, kwa sababu uji wa moto unaua chachu.

Kijana mmoja aliyesomea utengenezaji wa bia aliwahi kukaa jikoni kwangu akinieleza kwamba bia ya laga huchachushwa kwenye baridi ya nyuzi kama 10, na kwamba Mjerumani Carl von Linde, katika miaka ya 1870, alitengeneza mashine zake za kupozea kwa ajili ya viwanda vya bia. Nilifurahi mno. Watu wenye mitambo yao walikuwa wakihangaikia kile kile alichohangaikia mama mkwe wangu usiku, na kazi yake inastahili heshima ile ile.

Binti unayetaka kuanza kazi hii, usikimbilie pipa. Anza na ndoo moja, nunua kipimajoto kabla hujanunua sufuria kubwa, na upime pombe yenyewe, katikati ya chombo. Joto la chumba halitakwambia kinachoendelea ndani.