Daftari la Jumuiya

Kama unasali Kanisa Katoliki hapa Dar es Salaam, huna haja ya kuelezwa Jumuiya ni nini. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usingizi bado mtamu, mtu anagonga dirisha: leo tunasali kwa Baba Fulani. Mnakaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, mnasoma Injili ya Jumapili, mnatoa sadaka, halafu katibu anafungua daftari.

Hilo daftari ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Wazo lenyewe limenizidi umri. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakakubaliana Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwenye vikundi vidogo ambamo watu wanafahamiana. Mwaka 1976 wakalitia mbele ya kazi zao zote. Sababu inaeleweka. Padri mmoja, waumini maelfu: atajuaje nani kalala na njaa? Jirani ndiye anayejua. Jirani anasikia kikohozi ukutani.

Utamu uko hapo, na noma iko hapohapo. Maana daftari linaloweza kuonyesha nani ana shida ndilo linaloonyesha nani hajalipa mchango. Unataka kubatiza mtoto? Unataka kufunga ndoa? Barua inaanzia Jumuiya. Basi watu wanakuja ili waandikwe. Yupo. Hayupo. Kalipa. Hajalipa.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja muuza vitumbua. Daftari linaonyesha "hayupo" mara saba mfululizo. Saba, jamani! Mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula, na hakuna aliyeuliza. Aliyemkuta ni kijana aliyetumwa kudai mchango wa ujenzi. Kiharusi kimempiga upande wa kulia, mdomo umekwenda pembeni, binti yake wa kidato cha pili kaacha kwenda shule ili awe anamgeuza kitandani.

Kwenye kikao mzee mmoja akasema kadi ya huyo mama ina deni, na tukianza kuwahudumia wenye madeni nani atalipa tena? Fundi cherehani mmoja, mtu ambaye huwa hasemi, akauliza, "Akifa tutakwenda kumzika, au napo tutaangalia kadi?"

Kimya.

Mimi nilikuwa nawaza Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakutoa hotuba ya upendo. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kushika kazi hiyo. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Kwa macho yangu, waliokuwa wanalalamika ndio waliokabidhiwa ufunguo wa ghala.

Ikapangwa zamu. Jumatatu na Alhamisi akina mama wawili wanamwogesha. Sisi vijana tunachota maji, na siku za mazoezi hospitali tunambeba hadi kwenye bajaji. Binti akarudi shule. (Sisi tunaoota kuandika riwaya tunapenda mgonjwa afe vizuri, padri kamshika mkono. Mchota maji hatumwandiki.) Ndipo tukagundua kwamba jirani yake Mwislamu, ambaye hayumo kwenye daftari letu lolote, alikuwa anampelekea uji tangu wiki ya kwanza. Alipotuona na ndoo zetu akacheka: "Kumbe na nyie mnakaa mtaa huu?"

Na mgonjwa mwenyewe si malaika. Ulimi ulipofunguka kidogo, alitwambia nyimbo zetu ni nzuri, ila mtu akija kuimba aje na ndoo.

Daftari nikapewa mimi, eti kwa sababu nimemaliza shule na sina kazi. Nimeongeza safu moja: "Nani kamwona?" Asiyekuja mara mbili, jina la wa kwenda kumwangalia linaandikwa palepale, kabla ya chai. Hatuandiki "tutakwenda", hiyo ni kauli ya kwenye misiba. Michango nimeihamishia kurasa za nyuma. Mzee wa kadi bado ananuna, na sikufichi, parokia nayo inaulizia kurasa za nyuma kabla ya zile za mbele.

Siku hizi yule mama anakaa barazani na fimbo yake. Watoto wa wenzake wanaokwenda sokoni wanaachwa miguuni pake. Mtaa mzima anauona. Wiki iliyopita kanituma: mlango wa buluu haujafunguliwa tangu juzi, nenda. Nikaenda. Nikamkuta kijana mpangaji, mgeni, anatetemeka kwa homa, maji ya kunywa hana. Si Mkatoliki, na keshokutwa anaweza kuhama.

Nimemwandika kwenye safu mpya. Mzee wa kadi anataka jina lifutwe, na Jumamosi hii tunasali kwake.