Salome ni wa nani?

Nipo Bariadi kwa habari za pamba, lakini leo tuongelee muziki.

Juzi kwenye baa hapa mjini walipiga Salome, wa Diamond Platnumz na Rayvanny, uliotoka 2016. Dogo mmoja wa chuo akaniambia, "Kaka, huyu jamaa anajua kutunga!" Nikamtajia Saida Karoli wa Kagera, aliyeimba Maria Salome mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hamjui! Kanda ya Ziwa hii hii, jamani.

Sisemi kurudia wimbo wa mtu ni vibaya. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ulirudiwa na Miriam Makeba na Boney M, ukazunguka dunia. Lakini Fadhili alifariki 2001 huku watu bado wakibishana kama mtunzi ni yeye au Adam Salim. Wimbo unakuwa maarufu, mwenyewe anasahaulika.

Saida ana bahati: kopi ya Diamond iliwafanya wengi wamkumbuke akiwa hai. Basi ma-DJ, mkipiga kopi, mtajeni na mwenyewe. Inachukua sekunde tano tu.

Au nyie mnaonaje?