Kichwa Kitangoja

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na punda wetu alibeba minne. Hesabu hiyo niliijua kabla sijajua kuandika jina langu. Nyumbani kwa Susu, yaani bibi yangu, upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui, hatukusema tunakwenda kuteka maji. Tulikwenda kuyafukua. Mto Tiva kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga tu, na maji yako chini yake, yamejificha jua. Akina mama walichimba shimo hadi likamfika mtu kiunoni, kisha wakakaa wakiongea huku maji yakichuruzika polepole kama mtu asiyetaka kuonekana. Walichota kwa kibuyu, wakamimina, wakangoja tena. Mtungi mmoja uliweza kula nusu saa.

Minne ikifika nyumbani, Susu aliigawa. Wa kwanza wa kunywa na kupika. Wa pili wa ndama na mbuzi waliozaa. Wa tatu wa vyombo, nyuso na miguu. Wa nne ulisukumwa pembeni, ukafunikwa, na ole wa mtoto aliyeugusa. Siku moja nilimuuliza kichwa changu kina mtungi upi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akiyachambua.

"Kichwa kitangoja mvua."

Na kweli kilingoja. Kwetu mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba, tunayoiita nthwa. Ile ya Machi huja ikipenda. Nthwa ikianza, tulisimama chini ya ukingo wa mabati tukaoshwa vichwa hadi macho yakawasha sabuni, na siku ya pili tena, na ya tatu, kana kwamba tunalipa deni. Mvua ikikatika, sabuni haikugusa nywele zangu tena mpaka majira mengine.

Nikiwasimulia watu wa mjini hivyo, huona uchafu. Hawaoni kazi iliyokuwa ikifanyika katikati. Kila baada ya wiki mbili hivi Susu alinikalisha katikati ya magoti yake, akanifumua matuta, akachovya pembe ya leso kuukuu katika kikombe cha maji ya vuguvugu. Kikombe, si beseni. Akapangusa ngozi ya kichwa mstari kwa mstari, akifuata njia zile zile za matuta, mpaka leso ikabadilika rangi. Kisha kitana cha mti, kisha mafuta, kisha akasuka upya kwa uzi mweusi, akikaza hadi nyusi zikapanda. Nikilalamika alinigonga utosini kwa kitana. Kama kulikuwa na mba, siku iliyotangulia alichemsha majani ya mwarobaini na kunipaka maji yake machungu, nami nikalala na harufu hiyo.

Mafuta yalikuwa ya mbarika. Wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Kwa Kikamba mbegu zake ni mbaiki. Mti wenyewe uliota nyuma ya zizi bila kupandwa na mtu, na haukuijua njaa. Mwaka 1984, mahindi yalipokauka yakiwa urefu wa goti, mbarika ilibaki kijani. Ndio mwaka wa njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika: pesa ulikuwa nazo mkononi, chakula dukani hakuna. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka mahindi ya manjano ya msaada, na nakumbuka wembe, kwa kuwa mwaka huo Susu alitunyoa sote vipara. Hata kile kikombe cha maji ya vuguvugu alikiona ni anasa.

Kutengeneza mafuta yale kulichukua siku nzima. Mbegu zilianikwa hadi maganda yakapasuka yenyewe juani, pa, pa, zikaruka uani, nasi watoto tukaziokota. Kuku walifungiwa, kwa sababu mbegu mbichi ya mbarika ni sumu ya kuua, na Susu alitukagua viganja na midomo kila mara. Alizikaanga kwenye kigae, akazitwanga kwenye kinu hadi zikawa uji mweusi, akautia uji huo kwenye sufuria ya maji na kuuacha uchemke kwa saa nyingi. Mafuta yalipanda juu, mazito, ya rangi ya kahawia iliyoiva, naye akayaengua kwa upawa. Makapi aliyafukia mbali. Yaliyosalia yalijaa chupa moja ya soda, na chupa hiyo ilitufikisha mbali: vichwa, visigino, ngozi ya kigoda, bawaba za mlango.

Harufu yake ndiyo iliyonitia aibu. Ni harufu ya moshi na njugu zilizoungua. Nilipopelekwa shule ya bweni huko Makueni mwaka 1994 niliiacha kwa furaha, ingawa sikuwa na la kuchagua: nywele za shule hazikuruhusiwa kuzidi ukucha. Kila muhula ulianza kwa foleni ya kunyolewa, mkasi mmoja kwa darasa zima, na mapunye, au mashilingi kama tulivyoyaita, yalitembea nao kutoka kichwa hadi kichwa. Kipara kilioshwa kila asubuhi kwa sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia. Ngozi ilikakamaa na kupauka, tukaifunika kwa mafuta ya mgando. Kwa miaka minne niliamini kwamba ule mkakamao ndio usafi.

Kisha Nairobi. Nilifika chuoni mapema mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa bado zinang'oa madaraja, na kwa mara ya kwanza nilikaa mahali ambapo maji yalikuwa mengi juu na mengi bombani. Nilifungua bomba la bafu nikasimama tu kuyatazama yakienda. Ndani ya mwaka nywele zangu zilikuwa na dawa ya kunyoosha.

Anayejua jikoni pa Ukambani ataelewa dawa ya nywele haraka. Isyo, yaani mahindi na maharagwe, ukiyachemsha peke yake hutumia kuni za siku nzima. Ukitia magadi yanalainika upesi. Dawa ni magadi ya kichwani, ila makali kupita kiasi. Nyingi zimetengenezwa kwa haidroksaidi ya sodiamu, na kazi yake ni kuvunja vile vifungo vya ndani vinavyoufanya unywele ujikunje. Ukiiacha ikapita dakika zake, inaendelea kulainisha, na ngozi nayo inalainishwa. Ndiyo maana kinachoitawala saluni ni bomba, si kiti wala kioo. Dawa ikishapakwa, maji hayana budi kuwapo, mengi, na wakati ule ule. Kisha shampuu, kisha stima, na baada ya wiki sita au nane unarudi kufanyiwa ritachi kwenye mizizi. Katikati ya hapo nilikuwa nikiosha nywele kila Jumamosi, nikijiona mwanamke wa mjini kabisa. Kila mtindo wa nywele una ankara yake ya maji, na mimi nilikuwa nimehamia mtindo ambao Tiva isingeweza kuulipia. Sikuliona hilo kwa miaka kumi na moja.

Baadaye niliajiriwa katika mji wa Wote. Mwaka 2009 ukame ukarudi, mbaya, na mabwawa ya Mto Tana yakapungua hadi Agosti ukaanza mgao wa umeme nchi nzima. Mjini Wote mikokoteni ya maji ilipita ikiwa na foleni nyuma yake. Pamoja na hayo, Ijumaa moja niliingia saluni kufanya ritachi, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi. Dawa ilikuwa imeshaenea kichwani msusi alipofungua bomba. Bomba likakoroma, likatema hewa, likanyamaza. Pipa la akiba lilikuwa na kidogo chini, maji yenye kutu. Kijana akatumwa mbio na mtungi. Nilihesabu dakika kwa maumivu: kwanza kuwasha, kisha moto, kisha kitu kisicho na jina nyuma ya sikio la kushoto. Mtungi ulipofika, nilikuwa nimeshapiga magoti juu ya karai nikimiminiwa chupa za maji ya kunywa kutoka kioski cha jirani.

Nyuma ya sikio langu bado pako laini kama karatasi, na hapaoti kitu.

Harusini nilikwenda na kilemba. Wiki mbili baadaye, nywele zilipoanza kukatika kwa mafungu, niliingia kwa kinyozi wa wanaume, nikamwambia azimalize zote. Kisha nikapanda matatu ya kwenda Kibwezi, na kutoka hapo nikashika njia ya Ikutha na Mutomo, ambayo wakati huo ilikuwa vumbi jekundu tupu. Siku hizi ina lami, na vijana hawaamini ukiwaambia ilikula siku nzima. Susu alikuwa amezeeka sana, macho yamefunikwa na ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaona. Alinivua kitambaa, akapapasa, akafika nyuma ya sikio, akasimama hapo.

"Walikupika na magadi?"

Nilicheka hadi nikalia, au ilikuwa kinyume chake.

Sikugeuka mtu wa asili siku ile. Nilichokuwa nacho ni kichwa kilichoungua na mji usio na maji, basi nikarudia kikombe na pembe ya leso kwa kukosa njia nyingine. Mwezi wa kwanza niliwashwa vibaya. Nikajaribu kila nililosikia. Nilipaka asali ya Kitui, nzuri mno, na usiku sisimizi wakanitembelea kwenye mto wa kulalia. Nilikata jani la kiluma, mshubiri unaoota pale ukutani, nikajipaka mara moja, nikatoka vipele, kwa sababu nilisahau alichokuwa akifanya Susu: jani husimamishwa kwanza, utomvu wa manjano udondoke wote, ndipo ute wa ndani unakombwa. Ni majani mawili matatu ya uani, nisieleweke vibaya. Tangu 1986, Rais alipopiga marufuku uvunaji wa mshubiri wa porini, kuukata kwa biashara ni jambo jingine. Wala sidai kwamba kila cha zamani kilikuwa dawa. Kuna bibi wa jirani aliyeua chawa kwa mafuta ya taa, na mtoto wake mmoja nusura ashike moto karibu na meko.

Baada ya miezi mitatu kuwashwa kulikoma. Nikawa naosha kwa maji mengi mara moja kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu, na mba iliyonisumbua miaka ile ya kuosha kila Jumamosi haikuonekana tena. Baadaye nilisoma sababu, nikaona Susu hakuhitaji kuisoma. Kichwa hutoa mafuta yake chenyewe. Kwenye unywele ulionyooka hushuka haraka hadi nchani, lakini kwenye wetu uliojikunja hukwama njiani, mizizi ikalowa na ncha zikakauka. Ukiosha kila siku unaondoa hata hicho kidogo. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri watu weusi waoshe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Ule mkakamao wa bwenini nao ulikuwa na maelezo: ngozi ya kichwa ina uchachu kidogo, sabuni ya kipande ni magadi mepesi. Na Oktoba 2022, watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliotumia data za wanawake zaidi ya 33,000 walieleza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara nyingi walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi kuliko wasiotumia. Huo ni uhusiano, wala hawakusema wamethibitisha chanzo. Hata hivyo nilijishika nyuma ya sikio.

Binti yangu hakuwahi kutiwa dawa. Ana nywele nyingi, na anazipenda kwa bidii inayonichosha. Jumapili yake yote ni ya kuosha: cha kulainisha kabla, shampuu mara mbili, kondishona, ya pili ya kuachwa ndani, kisha suuza, suuza, suuza. Anauita utunzaji wa asili. Nilisimama mlangoni mwa bafu lake huko Nairobi nikahesabu bila kutaka, nikafika mitungi mitatu na nusu. Dawa yangu ya mwaka 1998 haikunywa hivyo. Kwenye rafu yake kulikuwa na kichupa cha kahawia, bei yake sitaitaja, chenye jina la Jamaika. Nilikifungua. Moshi, na njugu zilizoungua. Ni mbarika iliyokaangwa, ile ile.

Desemba iliyopita nilimpeleka Mutomo. Susu hayupo tena, nyumba imeanguka upande mmoja, mbarika imelivamia lote lililokuwa zizi. Tulifungia kuku wa jirani, tukaokota, tukakaanga. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kumuuliza zikaangwe kwa muda gani; mimi nilikuwa nikitazama mbegu zinazoruka. Tuliziunguza. Kinu tuliazima. Kufikia jioni tulikuwa na mafuta meusi kama lami, hayakufika hata nusu ya chupa ya soda, na mikono yetu ilikuwa inateleza hadi viwikoni.

Binti yangu alinusa, akasema ni kama yale ya dukani. Akaifunga chupa kwa kipande cha nailoni, akaisimamisha kivulini. Kisha akatazama mitungi iliyopangwa ukutani, akatazama viganja vyake, akauliza mikono yetu ina mtungi upi.