Maziwa ya Jioni Hayauzwi

Huku Kibirichia siku inaanza na maziwa. Kabla jua halijachomoza upande wa Nyambene, wazee kwa akina mama wako zizini, na kukipambazuka mitungi imeshapangwa kando ya barabara ikingoja gari la deri. Mayai nayo yanakusanywa kwenye trei kungoja soko. Maharagwe yanafungwa kwenye gunia, yatatoka shule zikifunguliwa, wajukuu wapate karo. Sasa ingia jikoni kwa mzee aliyeamka na baridi hiyo kukamua: utakuta viazi vya Shangi, kabichi, unga wa ugali na birika la chai. Sisi tunaozalisha protini ya kulisha miji ndio tunaoila kidogo. Nasema haya nikiwa mmoja wao, mwanamke aliyepita miaka 70.

Nguvu zilinitoka polepole. Uzito haukupungua sana, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka nyumbani. Lakini nikiinuka kwenye kigoda cha kukamulia ilinibidi nishike nguzo ya zizi. Ndoo ya lita 20 ikawa ya kujazwa nusu. Kwenye mteremko magoti yalitetemeka, hata mfuniko wa chupa ulinishinda, mkamwana akawa ananifungulia. Kila niliyemweleza alinijibu kwa upole, “Mama, umri umeenda,” nami nikakubali.

Nilipokwenda kliniki kupimwa presha, binti mmoja wa idara ya lishe aliniambia, “Shosho, kunja mikono kifuani, kisha uinuke na kuketi mara tano bila kushika popote.” Mara ya tatu nilikuwa nimechoka. Akaniuliza nilichokula jana. Nikamwambia: asubuhi chai na viazi vya kuchemsha, mchana mukimo, jioni ugali na kabichi.

“Na ng’ombe uko naye?”

“Ninao wawili.”

“Kuku je?”

“Wapo.”

Akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu, na hapo ndipo mabadiliko yangu yalipoanzia.

Alinieleza kwamba misuli huanza kupungua tangu mtu yuko kwenye miaka ya thelathini, na baada ya 60 kasi inazidi. Wataalamu wanaiita hali hiyo sakopenia. Ndiyo huwaangusha wazee, na mzee akivunjika nyonga, mara nyingi harudii maisha aliyokuwa nayo. Protini tunayokula huvunjwa tumboni kuwa amino asidi, na mojawapo, leusini, ndiyo huiamuru misuli ianze kujijenga. Kwa kijana amri ndogo inatosha. Misuli yetu ni kama mzee mwenye masikio mazito: sharti upaze sauti. Ndiyo maana mwaka 2013 kundi la wataalamu wa kimataifa, PROT-AGE, lilipendekeza waliopita miaka 65 wale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8. Kwa mtu wa kilo 60 kama mimi, ni gramu 60 hadi 72, tena zigawanywe kwenye milo yote, zisisubiri nyama ya Krismasi.

Kuna na vitamini B12. Hiyo haimo kwenye viazi wala kwenye maharagwe. Iko kwenye maziwa, mayai, nyama na samaki. Tumbo la mzee mara nyingi hutoa asidi kidogo, kwa hivyo huichota kwa shida, na wanaomeza metformin kwa ajili ya sukari wako hatarini zaidi. Ikipungua huleta ganzi miguuni, kusahau na upungufu wa damu. Wangapi huku tunasema ganzi ni baridi ya Kirinyaa, yaani Mlima Kenya, tukaongeza soksi tu?

Figo zangu zilipimwa kwanza, kwa sababu mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongeza protini bila daktari. Zilipoonekana salama, nikarudi nyumbani na kumwambia mzee wangu: maziwa ya asubuhi yaende deri, ya jioni hayauzwi tena. Alinyamaza akipiga hesabu, kisha akasema tujaribu.

Asubuhi sasa nakula mayai mawili, gramu kama 12, na kikombe kikubwa cha maziwa, gramu 8 nyingine, ambacho pia kina kalsiamu ya mifupa. Viazi havijaondoka, ila vimesogea pembeni mwa sahani. Usiku nakunywa maziwa lala na kula ndengu, au omena mkamwana akipita sokoni.

Mchana ni muthere, na hapa ndipo jiko langu lilipobadilika zaidi. Zamani sufuria ilijaa mahindi, maharagwe ya kuhesabika. Sasa maharagwe ndiyo mengi, siku nyingine njahi, siku nyingine ncugu, yaani mbaazi kutoka upande wa Tharaka. Mahindi ni haba kwa lisini, amino asidi ambayo maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo ni haba kwa methionini, ambayo mahindi huongezea. Nyanya zetu walivipika pamoja, na nikila nawashukuru. Kwa kuwa meno yangu ya nyuma hayapo, naloweka usiku kucha, namwaga maji yale, nachemsha mpaka punje ipondeke kwa kijiko, halafu naponda. Gesi tumboni imepungua sana. Chai naiacha hadi saa moja hivi baada ya kula, maana huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe yasiingie mwilini.

Siwezi kudai kwamba ni chakula peke yake. Binti yule alisisitiza kwamba protini bila kazi ya misuli husaidia kidogo, kwa hivyo kila jioni nainuka na kuketi kitini mikono ikiwa kifuani, mpaka mapaja yawake moto. Msimu mmoja wa viazi ulipopita niligundua kwamba siishiki tena nguzo ya zizi. Ndoo naijaza juu. Magoti bado huuma kukiwa na ukungu, na sidhani yataacha.

Majirani wengine wanahofia. Mmoja aliambiwa nyama nyekundu inamletea gauti, akaacha pamoja nayo mayai, maziwa na hata maharagwe, akabaki na ugali na mboga. Nimemsihi arudi kwa daktari aulize hasa akatazwe nini. Na wasio na ng’ombe wala kuku, mkebe wa maharagwe ni nafuu kuliko kilo ya nyama, usiende wote sokoni.

Watoto wetu walioko Nairobi na Meru mjini hutujia na mkate, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Wanatupenda, najua. Wangu nimewaambia wazi wabadilishe: wakija, waje na omena, ndengu na trei ya mayai kwa ajili ya mama mkwe wa mmoja wao aliye ng’ambo ya mto, ambaye hana kuku. Kifungua mimba alicheka, “Mama, siku hizi unaagiza kama hoteli.” Mwezi uliofuata alileta trei mbili.