Kiti Kitupu Hakina Mdomo

Ndugu msomaji, umepata kulipwa kwa uchafu? Mimi nimelipwa, na wala sisemi kwa mafumbo. Misimu mitatu, kuanzia 2022 hadi 2024, kazi yangu ilikuwa kufagia chini ya viti vya uwanja wa Coliseum, katika jiji la Oakland, California, kila baada ya mechi ya besiboli. Watu wakija wengi wanaacha vikombe, maganda ya karanga, mikate iliyong'atwa mara moja ikatupwa. Hapo sisi wafagiaji tunapata saa za kutosha, na kodi ya chumba inalipika. Watu wasipokuja, uwanja unabaki safi, na msimamizi anatuambia mapema, "Haya, nendeni makwenu." Kwetu sisi uwanja safi ulikuwa njaa.

Nilifikaje huko? Nilimaliza kidato cha nne Tanga, na matokeo yangu hayakuwa ya kutangazia watu, ukiondoa Kiswahili. Mwaka 2021 mjomba wangu, kaka wa mama, akanivuta kwake. Yeye yuko Oakland tangu 1988, mpishi katika jiko la hospitali moja. Nilikwenda na begi moja na madaftari mawili ya riwaya ambayo hadi leo haijaisha, tafadhali msiniulize itaisha lini.

Mjomba hakuwa na dini ya pili ila timu ya Oakland Athletics, ambayo wenyewe huiita A's. Alifika mwaka mmoja tu kabla haijatwaa ubingwa wa 1989. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naweza kuisimulia usingizini. Fainali ilikuwa dhidi ya majirani wa ng'ambo ya ghuba, San Francisco Giants. Tarehe 17 Oktoba, dakika chache kabla ya mechi ya tatu, ardhi ikatetemeka. Watu 63 walikufa katika eneo lile. Mjomba alikuwa jikoni, masufuria yakamwangukia miguuni. Fainali ikasimama siku kumi, kisha timu ikarudi na kumaliza kazi, mechi nne kwa bila. "Mwanangu," husema, "mimi nilikuwa mgeni, sina mtu. Siku ile jiji zima lililia pamoja, halafu likacheka pamoja. Ndipo nikawa mtu wa hapa."

Sasa shangaa. Mtu huyo huyo, nilipoanza kazi pale uwanjani, alikuwa ameapa hatii mguu.

Kila usiku nikirudi namkuta sebuleni ananingoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo walikuja wangapi?"

"Hawafiki elfu tatu."

"Safi sana!" Anapiga paja.

"Safi kwako wewe. Mimi nimerudishwa saa tatu."

Anacheka, kisha anaona sura yangu, anaacha kucheka na kuniletea wali.

Naomba nieleze kwa wale wasiojua mambo ya kule. Kwetu Tanga, Coastal Union ina wanachama, wanagombana, wanapinduana, lakini hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akaipakia timu kwenye lori kuipeleka Dodoma. Kule timu ni mali ya mtu kama duka lilivyo mali ya mtu. Wenye timu wenzake wakimpigia kura ya ndiyo, anahama nayo. Timu hii yenyewe ililetwa Oakland mwaka 1968 ikitokea Kansas City, na kabla ya hapo ilikuwa Philadelphia. Tangu 2005 iko mikononi mwa John Fisher, wa familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap; mwanzoni alikuwa na wenzake, baadaye akaiongoza mwenyewe.

Mwezi Machi 2022, kabla msimu haujaanza, wachezaji waliopendwa, akina Matt Olson na Matt Chapman, walipelekwa timu nyingine mmoja baada ya mwingine, wakaletwa vijana wa bei nafuu. Wakati huo huo bei ya tiketi za msimu ilipandishwa. Hebu fikiri: nyama imetolewa kwenye mchuzi, na mchuzi umepandishwa bei! Watu wakakasirika, wakakaa nyumbani. Tarehe 2 Mei 2022 tiketi zilizohesabiwa zilikuwa 2,488, katika uwanja unaochukua watu zaidi ya elfu arobaini. Mwaka huo timu ilifungwa mechi 102 kati ya 162. Mwaka uliofuata ikafungwa 112.

Usiku kama huo ungeuona uwanja ungeusikitikia. Mpira ukigongwa, mlio wa gongo unapiga zege la upande wa pili na kurudi kama kuna mtu mwingine anayecheza kule. Muuza soda anasikika uwanja mzima. Hata shakwe, ambao huja mwisho wa mechi kuokota mabaki, walikuwa wakizunguka mara moja na kurudi baharini. Kule nyuma ya mchezaji wa kulia tu ndiko kulikobaki kundi la wapiga ngoma na mabendera yao, watu wasiozidi mia, wanapiga kana kwamba uwanja umejaa pomoni. Mimi na ufagio wangu nilikuwa nikiwatazama na kusema moyoni: hawa ni mashujaa au ni wajinga?

Swali hilo ndilo lililonigombanisha na mjomba.

Yeye alisema: "Simlipi mtu anayenitukana. Nikinunua tiketi nimempa fedha ya kunitukania tena kesho."

Mimi nikamwambia: "Mjomba, nyie mkikaa nyumbani, yeye anapiga picha ya viti vitupu anawaonyesha wenzake. Anawaambia, mnaona? Hapa hakuna watu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Hoja ya kuhama ilisimama kwa miguu miwili: uwanja mbovu na viti vitupu. Uwanja ulikuwa mbovu kweli, siwezi kuutetea. Ulifunguliwa 1966, mabomba ya maji machafu yalikwisha kufurika hadi vyumba vya wachezaji, na mwaka 2023 mnyama aitwaye posamu, wa ukubwa wa paka, alifanya makao katika chumba cha watangazaji. Lakini viti vitupu ndivyo vilivyoniuma. Kiti kitupu hakina mdomo. Hakiwezi kusema, "Mwenyewe yupo, anaipenda timu hii kuliko wewe, ila amekasirika." Anayekitazama ndiye anayekisemea, na aliyekuwa na nguvu ya kusema alisema alivyotaka.

Na kumbukumbu zipo. Mwaka 1979, chini ya mwenye timu mwingine na timu mbovu vile vile, kuna mechi iliyopata watazamaji 653. Mwaka 1990, timu ikiwa nzuri, waliingia watu zaidi ya milioni 2.9 katika msimu mmoja. Jiji lile lile, uwanja ule ule. Ardhi ya Oakland haikubadilika, bali chungu ndicho kilichobadilika.

Siku moja nilimpigia simu baba Tanga nikamweleza ugomvi wetu. Baba ni mtu wa Mkwakwani. Ubingwa wa Coastal wa 1988 mimi sikuuona, sijazaliwa. Nilichokiona ni mwaka 2016, nikiwa na miaka kumi na minne, timu zetu tatu za Tanga zilipoteremka daraja kwa mpigo. Nakumbuka baba alivyokuwa akienda hata mvua ikinyesha, anakaa jukwaani na mwavuli wake kama mtu anayengoja basi. Basi akanijibu kwenye simu: "Mwambie shemeji, mgonjwa haachwi kwa kuwa kazidiwa."

Nikamfikishia mjomba. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwambie shemeji, mgonjwa namkesha. Lakini aliyekaa kitandani pa mgonjwa anauza dawa zake, huyo nimpe fedha?"

Jamani, nani mwenye haki hapo? Nilikuwa nikienda kulala na maneno yote mawili kichwani, na riwaya yangu haisogei.

Kisha ikaja tarehe 13 Juni 2023. Washabiki wenyewe, bila kuombwa na mtu, walipanga kugeuza mgomo chini juu: badala ya kukaa nyumbani, waje wote siku moja ya kazi, Jumanne, ili ijulikane kwamba watu wapo. Nilipomweleza mjomba aliguna tu. Jioni ile nikiwa kazini nikamwona anavuka daraja la wapita njia litokalo kituo cha treni, kofia yake ya 1989 kichwani, imepauka mpaka kijani kimekuwa rangi ya mchicha uliochemka. Ameshika tiketi kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nimekuja kuhesabiwa."

Waliingia watu 27,759. Wengi walivaa fulana za kijani zenye neno moja la Kiingereza, la kumwambia mwenye timu auze. Mchezo huu, msomaji, hauna dakika. Una mizunguko tisa, na kila upande hupata zamu ya kupiga. Mzunguko wa tano ulipoanza, wageni, Tampa Bay Rays, wakaingia kupiga. Ghafla uwanja mzima ukanyamaza. Watu elfu ishirini na saba kimya! Nimefagia uwanja mtupu usiku mwingi, naujua ukimya wake, ni ukimya wa nyumba iliyohamwa. Ule wa siku ile ulikuwa wa mtu anayevuta pumzi. Halafu wakalipuka kwa sauti moja: uza timu, uza timu. Nilisahau ufagio. Nikamtafuta mjomba kwa macho, nikamwona amesimama juu ya kiti, mzee wa miaka sitini na mbili, mishipa ya shingo imemtoka.

Timu ikashinda mbili kwa moja, ushindi wa saba mfululizo, timu ile ile dhaifu! Usiku huo tulifagia mpaka saa nane. Sijapata kufurahia uchafu kama ule.

Ungekuwa ni riwaya yangu, ningeishia hapo. Lakini siku mbili baadaye gavana wa Nevada alitia sahihi sheria ya kutoa hadi dola milioni 380 za umma kujengea uwanja Las Vegas. Na tarehe 16 Novemba 2023 wenye timu wote thelathini walipiga kura. Hakuna hata mmoja aliyekataa.

Mjomba hakutukana wala hakulia. Alivua kofia, akaiweka juu ya kabati, akasema: "Tulikaa nyumbani, wakasema hatupo. Tukaja, wakasema hawakutuona. Basi."

Mechi ya mwisho ilichezwa alasiri ya tarehe 26 Septemba 2024, dhidi ya Texas Rangers. Waliingia watu 46,889. Timu ikashinda tatu kwa mbili. Kocha Mark Kotsay akashika kipaza sauti akawashukuru watu, na watu hawakutaka kuondoka. Sisi tulisimama na mifagio, hakuna aliyethubutu kumwambia mtu anyanyue miguu. Wafanyakazi wa kiwanja waliwagawia watu udongo wa uwanjani, nami nikachota wangu katika kikombe cha karatasi.

Mjomba hakuja. Ndivyo nilivyodhani. Nilipotoka usiku kwenda kupanda treni nilimkuta darajani, ameegemea wavu, mikono mifukoni. Alikuwa pale tangu mchana. Hakuona mpira hata mmoja, kelele tu ndizo zilizomfikia.

"Tiketi sikununua," akasema kabla sijauliza.

Nikampa kikombe. Akachungulia. "Udongo? Mimi nimeacha udongo wangu Tanga, huu wa nini?" Lakini hakunirudishia. Alikishika kwa mikono miwili ndani ya treni mpaka nyumbani, na hadi leo kiko juu ya kabati karibu na kofia.

Tangu 2025 timu inacheza West Sacramento, katika uwanja mdogo wa kuazima, ikingoja Las Vegas ambako imepanga kuanza 2028. Jina la Oakland limefutwa. Mimi nimepata kazi nyingine, ya ghalani, ambako hakuna anayekuja wala asiyekuja.

Je, nani alikuwa na haki, baba au mjomba? Nimelifikiri sana jambo hili, maana nami nataka kuwa mwandishi, na mwandishi naye hutazama viti vitupu. Zamani niliamini kwamba wapenzi wakijitokeza wataokoa wanachokipenda. Walijitokeza, hawakuokoa. Lakini siwezi kusema ilikuwa bure. Kama wasingekuja siku ile ya Juni, leo historia ingeandika kwamba Oakland ilipoteza timu kwa sababu haikuipenda, na uongo huo ungebaki kuwa kweli milele. Walikuja kuweka ushahidi. Timu imekwenda, ushahidi umebaki.

Juzi Jumamosi mjomba aliniamsha mapema. Kuna timu ndogo, Oakland Ballers, iliyoanza kucheza 2024 katika kiwanja cha Raimondi, mitaa ya magharibi, nayo imewauzia washabiki hisa. Nikamwuliza tiketi nilipie mimi? Akakasirika kabisa.

"Acha," akasema, akitafuta pochi. "Hii nalipa mwenyewe."