Kunyonyoa na Kuchuna

Wako watu wadhanio kwamba kazi ya jikoni haihitaji fikira. Huona kisu, chungu na moto, wasione hoja iliyofichwa ndani yake. Mimi nilifundishwa kinyume cha hayo katika nyumba ya bibi yangu, kijijini nyuma ya Malindi, ambako watu wawili niliowapenda sawasawa walishindana miaka mingi juu ya swali moja: ndege wa porini akisha kuchinjwa, anyonyolewe manyoya au achunwe ngozi?

Washindani hao walikuwa bibi mwenyewe na mjomba wangu, kitinda mimba wake. Mjomba alitega matanzi ukingoni mwa shamba la mahindi, kwa kuwa kanga walifukua mbegu kabla hazijaota. Aliponasa mmoja alimchinja upesi asije akafa kibudu, kisha akaja naye uani, kisu mkononi, tayari kumchuna. Bibi alimzuia.

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo," mjomba alisema kwa adabu.

"Na haraka haraka haina baraka, mwanangu," bibi alijibu. "Mlete hapa."

Methali mbili zikipambana, msikilizaji hutazamia moja ianguke. Lakini kila upande ulikuwa na haki yake, na haki haijulikani mpaka ipimwe.

Hoja ya mjomba ilikuwa wepesi. Kuchuna ni kazi ya dakika chache. Ngozi hupasuliwa kidarini, vidole hupenyezwa kati ya ngozi na nyama, na vazi zima hutoka pamoja na manyoya yake kama mtu avuavyo kanzu. Mabawa, ambayo nyama yake ni haba na manyoya yake magumu kung'oka, hukatwa kwenye kiungo. Hapana maji ya kuchemsha wala kuni za kuongeza. Katika nyumba ambayo maji yalitoka kisimani juu ya kichwa cha mtu, hoja hiyo haikuwa ndogo.

Hoja ya bibi ilikuwa akiba. Kanga mzima huwa na uzito wa kilo moja na kidogo tu. Tena si mnono kama kuku wa kufugwa, kwani kutwa hutembea na kukimbia akitafuta mbegu na wadudu. Mafuta machache aliyo nayo, sehemu yake kubwa hukaa chini ya ngozi. Aitupaye ngozi huyatupa mafuta pamoja nayo, na nyama iliyovuliwa nguo yake mbele ya makaa hukauka upesi ikawa kama ukuni. Sisi wajukuu tulikuwa saba kuzunguka sinia moja. Ngozi iliyotupiwa paka ilikuwa tonge lililotoka katika kinywa cha mtoto.

Kunyonyoa kuna elimu yake. Ndege hunyonyoka vyema angali na joto la uhai. Akisha kupoa, ngozi huyashika manyoya kwa nguvu. Hapo ndipo maji ya moto yatakiwapo, lakini bibi hakukubali kabisa maji yanayotokota. Aliyaepua, akayaacha yapunguze ukali, ndipo akamtumbukiza ndege kwa muda wa kuhesabu mpaka sitini. Siku hizi wachinjaji wa kuku hutumia kipimajoto, na wengi hutafuta nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi kidogo. Joto la kadiri hiyo hulegeza vitundu vya ngozi vinavyoshika manyoya. Maji ya nyuzi 100 huanza kuipika ngozi yenyewe, ikararuka kila unyoya ung'olewapo. Hatimaye mkono mmoja huibana ngozi, na mwingine hung'oa manyoya machache machache kufuata yalivyoota. Vinyoya vidogo vibakiavyo hubabuliwa juu ya ndimi za moto.

Basi nani alikuwa na haki? Jawabu nililipata siku mjomba alipoleta kanga mkongwe. Bibi alimpapasa kidari, akabonyeza ncha ya mfupa wake. Kwa ndege kijana ncha hiyo ni laini, nayo hupindika. Kwa mzee ni ngumu. Hii ilikuwa ngumu kama jiwe. "Huyu mchune, mwanangu," akasema. Mjomba alimtazama kama mtu aliyepewa ushindi asioutarajia.

Bibi hakuwa ameshindwa. Alijua kwamba ndege mzee hafai makaa. Hufaa kupikwa taratibu chunguni kwa saa nyingi, na ngozi yake ngumu haina faida kubwa huko. Mafuta yaliyotupwa yalirudishwa na tui la nazi, na kipande cha papai bichi kilisaidia kulainisha nyama. Tangu siku ile mjomba hakuanza kazi kabla ya kuuliza: "Mama, huyu ni wa makaa au wa chungu?" Swali hilo lilimaliza ubishi, kwa sababu lilitangulia kisu.

Msomaji kijana, swali hilo hutawala mambo mengi kuliko kanga. Bata-maji mnono hunyonyolewa, kwani utamu wake umo ngozini. Bali ndege wa majini alaye samaki huchunwa, maana mafuta yake hunuka shombo. Ndege aliyeraruliwa na risasi huchunwa, kwa kuwa ngozi yake haikubaki nzima. Huko Uingereza feasani hutundikwa siku kadhaa na manyoya yake katika baridi ili nyama ilainike. Desturi hiyo ikiletwa katika joto la pwani yetu, huleta uvundo. Njia njema ni ile ifaayo ndege huyu, katika chungu hiki, mahali hapa.

Matanzi ya mjomba hayapo tena. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 huwalinda wanyamapori, hata afugaye kanga nyumbani hutakiwa kuwa na kibali. Mimi sasa hununua kanga kwa mfugaji mwenye kibali chake. Hata hivyo, awe wa porini au wa bandani, kiumbe aliyetoa uhai wake ili tule anatudai jambo moja: asipotezwe bure. Atupaye ngozi njema kwa uvivu humpoteza, na ashikiliaye ngozi isiyofaa kwa ukaidi hupoteza kuni, maji na wakati. Mwenye busara huzijua njia zote mbili, wala hashiki kisu kabla hajakijua chungu.